Kutoka Tura Kufuata Kioo Chenye Chuma

Nilikwenda Tabora kumrudisha mwanangu. Mama yake alikuwa amefariki, serikali ilikuwa imetuhamishia kijiji cha Ujamaa karibu na Tura, nyumba zimepangwa mstari kama meno, nami nimebaki peke yangu katika nyumba niliyoijenga kwa mikono hii. Wenzangu milango yao inatazama barabara. Wangu niliuelekeza porini, kwenye mahame yetu alikozikwa mke wangu. Walisema weee, wakachoka.

Tura, asubuhi. Treni ilichelewa, ndiyo desturi yake. Nilipanda na debe la asali begani. Mgogo mmoja akanitazama, akacheka.

"Nyie Wanyamwezi! Misafara imekwisha, bado mnabeba tu?"

"Nyamaza, mtani. Nyie mlikaa njiani kutoza misafara hongo, sisi tukafika pwani."

Behewa zima likaangua kicheko. Stesheni ya Goweko yule Mgogo akateremka, anafuata vibarua vya tumbaku. Kutoka hapo nilitazama miti tu, sina hata wa kumtukana.

Tabora, mchana. Masanja, mwanangu, alikuwa amesoma Ulaya, sasa anafundisha sekondari. Alinipokea stesheni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Funga mizigo, twende nyumbani."

"Baba, hata asali hujaitua!" Kisha akainama. "Narudi Ulaya. Kazi yangu ya utafiti haijaisha."

"Kazi gani hiyo inayomshinda baba yako?"

Akanipeleka darasani. Mimi niliishia darasa la pili, lakini si mjinga; nilimwambia aseme nielewe. Akasema anachunguza kitu cha jamii ya vile vinavyoendesha redio, ila hiki kimekaa kama kioo: chembe zake hazina mstari, zimetapakaa kama kaya zetu kabla ya kuhamishwa. Umeme ukiingia hauna barabara. Unaruka chembe hadi chembe, kama msafara kutoka kisima hadi kisima, na kwenye baridi kali unakwama. Humo yeye huchanganya chembe za sumaku.

"Kila moja inatazama kwake, baba. Umeme ukipita karibu zinaunasa. Ukileta sumaku kubwa zinageuka pamoja, nao unapita."

Akasonganisha dira ndogo mezani, zikavurugana, kila sindano na upande wake. Akaleta sumaku. Zikageuka zote.

"Na moja ikikataa kugeuka?"

"Hapo umeme unakwama."

Nilikumbuka asubuhi za kijijini. Shikamoo huanzia nyumba ya kwanza, huruka mlango hadi mlango, ikifika kwangu inakuta ukuta. Baada yangu iko nyumba moja tu, ya bibi kikongwe asiyeona. Kwake haifiki.

"Nenda," nikamwambia Masanja. Nikammiminia nusu ya asali.

Kurudi, behewa lilikuwa na watu tele. Sikupata mtani.

Tura tena. Nilishika sururu hata kabla ya kula. Jirani yangu, Mama Kulwa, akatoka mbio.

"Mzee, unabomoa nyumba?"

"Natoboa mlango."

"Makubwa! Nani kakugeuza?"

"Nani anigeuze mimi? Nimegeuka mwenyewe."

Upande wa porini nikabakiza dirisha.

Nimejifunza kwamba ukimpa jirani mgongo, hujifungii mlango peke yako, unamfungia na aliye nyuma yako. Mwanangu hakurudi. Asubuhi iliyofuata shikamoo ilishuka mstari mzima, ikanikuta mlangoni. Nikaitikia marahaba. Halafu nikaenda nyumba ya mwisho na bakuli la asali, nikainama mbele ya yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema. "Wewe ni wa nyumba gani?"