Mstari wa Msitu

Pale kwenye chumba cha fotokopi walimwita Mzee wa Ramani, ingawa arobaini alikuwa hajaifikisha. Wateja wakipungua, alifungua ile ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora, akaongeza daraja hapa, kisima pale. Hakuna aliyemtuma. Mkewe alisema mume wake amelogwa na mistari.

Siku serikali ilipoweka hadharani faili la mipaka ya ardhi, jamaa alijiona amepata. Msitu wa hifadhi unaopakana na kwao ulikuwa umechorwa na wanakijiji walioutembea kwa miguu, simu mkononi. Sasa ungepata mpaka wa wataalamu! Wachoraji wana desturi yao: mtu akitaka kuingiza data nyingi kwa mkupuo, hutangaza kwanza, wenzake wakaikagua kwa wiki mbili. Alitangaza. Muuguzi mmoja wa mji mwingine, mchoraji mzoefu, akamwandikia:

"Ngoja kwanza, kaka. Faili hizi zilipimwa kwa mfumo wa zamani, usipozigeuza kila kitu kinasogea. Linganisha na vigingi vya mpaka."

"Dada, hii ni ya serikali," akajibu. "Sisi ni akina nani tuisahihishe?"

Hakungoja. Kilikuwa kiburi, tusikitafutie jina la adabu. Siku ya tatu, wakati wenzake wanakula mchana, alifuta mstari wa wanakijiji, akapandisha ule wa faili. Mpaka ukasogea mita mia mbili, na nyumba ya dada yake, mjane mwenye watoto wanne, ikaangukia ndani ya msitu. Hata hakutazama.

Aliyegundua ni yule muuguzi, wiki iliyofuata, akarudisha mstari wa zamani. Lakini walinzi wa msitu, ambao hutumia ramani hiyohiyo, walikuwa wameshaipakua kwenye simu zao. Wakaja na tingatinga.

Mzee wa Ramani alipofika, dada yake alikuwa anaokota mabati. Kaka akavua shati, akaanza kunyoosha yaliyopinda.

"Vigingi si vile kule?" dada alisema, akionyesha ng'ambo ya shamba. "Marehemu shemeji yako alikuwepo vikipigwa. Nikawaambia, wakasema simu haikosei." Akajifuta jasho. "Wewe si ndiye mtu wa ramani? Kwani haisemi nani kachora?"

"Inasema."

"Basi nisomee nimjue. Nataka aje aone watoto wangu wanalala wapi."

Angeweza kusema mtandao hamna. Alifungua historia ya mstari ule, akampa simu asome mwenyewe.

Dada alisoma polepole, midomo ikicheza. Akarudia. Kisha akamrudishia simu na kuinamia bati, na kaka yake alipotaka kushika upande wa pili, akamwondoa mkono.

"Acha," alisema. "Nitabeba mwenyewe."