Jina Aliloitikia Liban

Nikisimulia haya watu huniangalia kwa namna moja. Kwanza wanakaza macho, halafu wanatabasamu kidogo, halafu wanasema, "Labda mlikuwa mmechoka." Ndiyo, tulikuwa tumechoka. Tulikuwa na njaa pia, na tangu asubuhi tulikuwa tunanuniana. Lakini uchovu haumbadilishii mtu mama. Mimi nilikuwepo, hedifoni masikioni, na nilichosikia nilikisikia. Ukitaka kucheka, cheka sasa, ukimaliza tuendelee.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni Dairekta. Hilo si jina lake, ila alilipenda kuliko jina lake. Alikuwa mwalimu wa shule hapa Garissa aliyejifunza mambo ya sinema kwenye simu. Wa pili ni Mwende, mshika kamera, mzaliwa wa Mwingi aliyekulia hapa mjini, na Kisomali anakielewa kuliko anavyokubali. Mimi nilikuwa mtu wa sauti. Na mwigizaji wetu alikuwa Liban, mtoto wa habaryar wangu, yaani mama mdogo. Habaryar ndiye aliyenilea nikisoma sekondari, kwa hiyo Liban kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Kijana mcheshi ajabu. Aliweza kumwiga yeyote: chifu akihutubia, shangazi akikataa kuolewa tena, mimi nikikasirika. Hata ruhusa ya kusafiri na kamera niliipata kwa sababu yake. Habaryar alisema, "Liban akiwepo, nenda," akatufungia anjera na chupa ya chai.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutengeneza filamu. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Kijana amepotelea Nairobi miaka mingi, anarudi, anamkuta mama yake kando ya silanga, lile bwawa la kuchimbwa ambalo wafugaji hunyweshea mifugo. Mama anamwona kwa mbali, anamwita jina, kijana anaitika. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa picha ya mwisho, na Dairekta aliiota usiku na mchana.

Lakini nani alituambia filamu ni mchezo? Kamera ilikuwa ya kukodi na ilitakiwa kupanda basi la Nairobi kesho yake asubuhi. Mashindano tuliyotaka kuingia yalikuwa yanafunga milango wiki hiyo hiyo. Ruhusa ya chifu ilichelewa mpaka tukakonda. Mtaani tulishapewa sifa ya watu wanaofundisha vijana kusema uongo mbele ya kamera. Na pale kwenye kizuizi cha barabarani, askari walitwambia tuhakikishe tumepita kurudi mjini kabla ya giza, la sivyo tutalala porini.

Mama wa kuigiza tulikuwa tumempata katika kijiji cha Kotile. Alikuwa amekubali, alikuwa hata amejifunza maneno yake. Tulipofika na gari, Probox ya shemeji yake Dairekta, tulimkuta mwanawe mkubwa amesimama barabarani anatungoja.

"Mama yangu haendi TV," alisema. "Watu wataona yeye analia, watasema sisi watoto yake tumemtupa."

Dairekta akabembeleza, akaapa, akashika kichwa.

"Nimesema, walahi. Kunyweni chai, mrudi salama."

Chai tulikunywa, maana chai ya watu haikataliwi. Lakini kurudi hatukurudi. Dairekta alikata kona akatupeleka moja kwa moja silanga, bila mama.

Silanga ilikuwa imekauka. Matope yamepasuka vipande vipande, na mathenge, ile miti ya miiba iliyotujazia nchi nzima, imeizunguka pande zote. Tulikuwa tumeshaswali alasiri. Jua lilianza kuchukua ile rangi ya manjano ambayo watu wa kamera huikimbiza kama wendawazimu. Dairekta akamwambia Mwende ajifunike shuka asimame akiipa kamera mgongo, awe mama.

"Mimi, mama ya Liban? Aki wewe umechanganyikiwa," Mwende akamjibu, na ugomvi ukaanza. Liban alikaa juu ya boneti akiwaiga wote wawili kwa zamu. Nakumbuka nilicheka sana. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akimwiga mtu, laiti ningejua ningemwacha aendelee mpaka magharibi.

Ndipo yule mama akatoka kwenye mathenge.

Usifikirie kitu cha kutisha. Alikuwa mama wa kawaida, mrefu, nguo zake kuukuu lakini safi, mkononi ana mtungi wa plastiki wa manjano, mtupu. Akasimama hatua chache kutoka kwetu. "Nabad," akasema. Tukaitikia, "Nabad."

Sasa nikueleze jambo moja. Kwetu, mtu akitokea porini kwa miguu, kuna mambo yake. Unamkaribisha kivulini. Unampa maji au maziwa. Halafu unamwambia "warran", tupe habari, na hapo mnaulizana bila haraka: umetoka wapi, mvua huko vipi, wewe ni wa watu gani, unatafuta nini. Mtoto mdogo anajua hivyo. Hata wanaodaiana damu hupeana habari kwanza. Mgeni husimama akangoja aulizwe, na yule mama alisimama akangoja. Mimi nilimwona akingoja. Maji tulikuwa nayo ndani ya gari.

Dairekta aliangalia jua, hakumwangalia yeye.

"Wasee, huyu ametumwa na Mungu," akatunong'oneza. Kisha akamgeukia kwa Kisomali. "Eedo, tusaidie kidogo tu. Simama pale kando ya silanga. Huyu kijana atatoka kule. Ukimwona, muite kama mtoto wako."

Mama akamtazama Liban kwa muda. "Nimuite nani?"

"Jina lolote, eedo. Muite jina la mtoto wako."

"Na ataitika?"

"Ataitika. Hiyo ndiyo kazi yake."

Akauliza tena, polepole, "Mmeniahidi ataitika?"

"Tumekuahidi, eedo, simama pale, jua linatuacha."

Alikwenda akasimama. Mtungi aliuweka chini vizuri, akajifunga shungi yake upya kama mtu anayejiandaa kwa jambo kubwa. Mwende akawasha kamera. Mimi nikavaa hedifoni na kuinua maiki. Liban alikuwa ameshafika upande wa pili, anaanza kutembea, begi begani.

"Yusuf!"

Niamini, sauti ile haikutoka kule aliposimama. Ilitoka hapa, ndani ya sikio langu. Kazi ya sauti inakufundisha kwamba mtu hai ana kelele nyingi: anapumua, anameza mate, nguo yake inasugua mkono. Kwa Liban nilisikia vyote, hata mchanga chini ya viatu. Kwa yule mama nilisikia neno tu, na nyuma ya neno hakukuwa na kitu.

"Yusuf! Hooyo, Yusuf, njoo!"

Hooyo ni mama, na kwetu mama humwita mtoto wake hivyo hivyo. Liban akasimama. Uso wake ulibadilika, na sisi sote tukadhani ni kipaji. Akatupa begi. "Naam, hooyo! Nimekuja!" Akakimbia.

Yule mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamnusa paji la uso kama mama zetu wanavyonusa watoto wachanga. Mwende analia nyuma ya kamera. Dairekta analia waziwazi. Nami nilimsikia yule mama akinong'ona, "Umechelewa, hooyo. Nilikutuma maji tu." Maneno hayo hayakuwa kwenye hadithi yetu. Na Liban, ambaye hakuandikiwa jibu, akajibu, "Nisamehe hooyo, maji yalikuwa mengi."

Ningeweza kuvua hedifoni nikapiga kelele. Sikupiga. Kilikuwa kipande kizuri mno, na mtu wa sauti hukatazwa hata kukohoa. Najuta. Silipambi neno hilo, najuta.

Dairekta aliposema kata, tulirukaruka na kukumbatiana. Ndipo Mwende akakumbuka kumpelekea mama maji. Aligeuka na chupa mkononi, hakumwona mtu. Tukaita "eedo, eedo" mpaka ukingoni mwa miti. Pale chini ulibaki mtungi peke yake, na Liban akauokota akaukumbatia safari nzima.

Kotile tulisimama dukani kununua soda za kusherehekea. Mama mwenye duka alituuliza tumetoka wapi, Dairekta akamweleza yote kwa mbwembwe.

"Mlimuulisa habari?" mama wa duka akauliza.

"Hapana, mama, hatukuwa na muda."

"Alikunywa maji yenu?"

Mwende aliitazama chupa yake, bado imejaa.

"Na kijana aliitika?"

Sote tukageuka kumtazama Liban kwenye gari, na mtungi wake mapajani.

"Yeye si mbaya," mama wa duka akasema. "Ni mama ya watu ya hapa, tangu samani sana. Kijana yake alienda kuteka maji wakati ya mafuriko, hakurudi. Aliita yeye mpaka akakufa. Hapo silanga sisi hatuiti mtu jina. Tukitaka mtu tunabiga mluzi. Yeye akitokea, unamkaribisha, unamuulisa habari, anakuambia shida yake, analia, anaenda. Nyinyi mlimletea mtoto."

Dairekta alicheka kidogo, akalipa soda, tukaondoka. Kizuizi tulikipita giza halijaingia. Tulikuwa tumefaulu kila kitu, unaona?

Habaryar alitungoja mlangoni. "Liban, hooyo, karibu, umekula?" Liban akampita. Habaryar akadhani hakusikia, akamwita tena. Hakugeuka. Akamshika mkono, naye akamwangalia kwa upole na adabu yote. "Samahani, eedo," akasema. Eedo! Jina la heshima unalompa mama yeyote usiyemjua njiani. Habaryar alicheka, akidhani ni mchezo wake wa kuiga. Alicheka peke yake, halafu akaacha.

Hospitalini walimpima masikio, mazima. Masheikh walimsomea, akakaa kimya akisikiliza, akasema amina mahali pa amina. Anaswali, anakula, hana homa, hapigi mtu. Ila neno Liban linampita, na ukisema Yusuf hata kwa kunong'ona kutoka chumba kingine, anasimama. Mwisho aliondoka na ule mtungi. Tulimkuta upande wa silanga, anachunga mbuzi za watu. Wamempokea vizuri, wanamwita Yusuf, na jioni huenda kando ya miti akaongea na mtu.

Filamu haikuonyeshwa popote. Dairekta aliikata mpaka ikawa nzuri sana, akaileta kwa habaryar amwombe radhi na ruhusa kwa pamoja. Habaryar alisema hataki kumwona mwanawe akimkimbilia mama mwingine. Dairekta akafuta kila kitu mbele yake, na tangu siku hiyo hasemi nasi, wala sisi hatusemi naye. Mwende amerudi Mwingi. Urafiki wetu uliishia hapo.

Habaryar huenda kumwona Liban kila apatapo gari. Miezi mingi alisimama mbali akamwita Liban mpaka sauti ikakwama. Jina la yule mwingine aliapa halitatoka kinywani mwake. Juzi nilikwenda naye. Alisimama, shungi imelowa machozi, kisha nikamsikia akiita kwa sauti ndogo, "Yusuf."

Liban aligeuka papo hapo. Akatabasamu, akaja mbio, na moyo wangu ukaruka. Akamshika mkono mama yake, akamketisha kivulini, akammiminia maji kutoka kwenye mtungi, akangoja anywe yote. Kisha akakaa chini mbele yake, kwa adabu, akamwambia, "Warran, eedo. Umetoka wapi? Wewe ni wa watu gani? Unatafuta nini huku?"

"Namtafuta mtoto wangu," habaryar akasema.

Liban alitikisa kichwa kwa huruma. "Mungu atakurudishia, eedo. Anaitwa nani, niwaulize wachungaji?"

Wewe unayeshika kamera kwa mara ya kwanza, ninayajua mashaka yako yote, niliyapitia. Lakini akikutokea mgeni porini, na wewe mwanga unakuponyoka, mpe maji, kaa naye chini, muulize ni nani anayemtafuta. Acha jua lizame.