Bibi Orpha Atambaa Sakafuni

Asubuhi ile Orpha Tidwell hakutulia. Binti yake Janelle alikuwa njiani kutoka Tulsa, akimleta mjukuu ambaye Orpha hajawahi kumpakata, na sharti lilikuwa moja: akikuta bastola hata moja nje ya sefu, anageuza gari.

Shamba lao liko mbali. Polisi akiitwa, anafika chai imeshapoa. Kwa hiyo tangu aolewe Orpha alilala na bastola yenye risasi kwenye droo, kama wengine wanavyolala na glasi ya maji. Sasa kando ya kitanda palikuwa na sefu ndogo ya vitufe, naye alikwishajifunza kuifungua kwa kupapasa tu.

"Mwizi akija nimwambie asubiri nikumbuke namba?" alilalamika mumewe, Dub.

"Namba ni tarehe ya ndoa yetu."

"Basi tumekwisha!"

Orpha alicheka hadi akashika kiuno. Bastola ya droo ilishaingia sefuni, ya kwenye pikapu pia. Ilibaki ile fupi ya Dub.

"Uliificha wapi, mzee?"

"Mahali ambapo mwizi hawezi kuiona."

"Na wewe je?"

Dub akakuna kichwa. "Niliificha vizuri mno."

Wakapekua makabati, wakainua magodoro. Mara mbwa akabweka: vumbi la gari lilikuwa likija barabarani.  Mtoto anatambaa, aliwaza, makabati yetu hayaoni, anaona vya chini tu. Akapiga magoti, akatambaa sebuleni, akaingia jikoni.

"Mama Janelle, umeingiwa na nini?"

Orpha akainua macho. Chini ya meza, kwenye mfuko wa ngozi uliopigiliwa misumari, ilining'inia bastola, usawa wa mkono mdogo.

Alikuwa bado amepiga magoti, akitoa risasi, Janelle alipoingia na mtoto kiunoni. Angeweza kuifunika kwa aproni. Akainyanyua.

"Ya mwisho hii, mwanangu. Nimeiona sasa hivi tu. Mtoto angeiona kabla yetu sote."

Janelle alitazama meza, akatazama magoti ya mama yake yaliyojaa vumbi.

"Kaifungie, nione."

Orpha alikwenda mbio chumbani kama msichana, Janelle nyuma yake. Sefu ikafungika. Janelle akauvuta mlango wake kwa nguvu, haukutikisika.

Ndipo akainama, akamweka mtoto sakafuni. "Haya, nenda kwa bibi."