Sanduku Tupu la Ukoo Wetu

Kama ningejua, ningesema kompyuta tulifundishwa kuwasha na kuzima tu. Lakini baba alikuwa ameshajigamba kwa watu wa Kawangware kwamba msichana wake wa Fomu Tatu anaijua kompyuta kama ugali, na mimi si mtu wa kubishana mbele za watu. Hata nyuma ya watu sibishani. Basi likizo ilipoanza nikapewa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ukoo wa susu, yaani nyanya yangu, mzaa baba, ulikuwa na mkutano Desemba nyumbani Machakos. Shangazi yangu wa Satellite, huko huko Kawangware, ambaye mumewe ana ploti ya nyumba za kupangisha na kwa hiyo yeye ndiye huamua mambo, alitaka bango kubwa lenye mti wa familia, kila mtu kwenye sanduku lake, mistari ikishuka kutoka juu hadi kwa watoto wachanga. Alikuwa ameandika watu wa upande wao kwenye programu ya miti ya familia katika kompyuta yake. Mimi nilikuwa nimeandika wa kwetu katika saiba moja ya Laini Saba, pale pa kukodi kompyuta, susu akinisimulia jioni, mimi nikiingiza Jumamosi. Faili mbili.

"Ni kuunganisha tu," shangazi alisema. "Unaweka hii juu ya hii. Wewe si umesoma?"

Si kuunganisha tu.

Kwetu Wakamba watoto hurithi majina ya babu na nyanya zao. Mimi nina jina la susu, susu ana jina la susu yake, na upande wa shangazi ni vivyo hivyo. Kwa hiyo programu ikiona majina mawili yanafanana inafurahi na kuuliza: hawa ni mtu mmoja? Waunganishe? Iliniuliza kama mimi na susu ni mtu mmoja. Nikabonyeza hapana. Ikaniuliza kama baba yangu ndiye babu ya shangazi. Hapana. Ikarudi kuuliza kuhusu mimi na susu, kana kwamba mara ya kwanza nilikuwa natania. Nilikaa kwenye kochi la shangazi Jumamosi nzima nikisema hapana kwa mashine, na shangazi akipita na sufuria ananiuliza, "Bado tu?"

Mchana programu ikaleta onyo jekundu: kuna rekodi zisizo na jina wala tarehe, zinaweza kuleta makosa, ungependa kusafisha? Kidole changu kilikuwa kimechoka kukataa. Nikabonyeza ndio. Onyo likaisha. Nikahifadhi, nikatuma picha ya mti mzima kwa simu ya baba, nikashika njia ya nyumbani kwa miguu kupitia Ayany nikijiona mtu wa maana.

Susu alikuwa amekaa kwenye stuli nje ya karakana ya baba, kando ya reli, pale baba anapotengeneza majiko. Hakuniuliza kama nimekula. Alisema, "Nionyeshe mama yangu."

Nikafungua picha kwenye simu. Nikaanza chini kwa sababu ndiko ninakojijua. Huyu ni mimi. Huyu baba. Huyu wewe, susu. Huyu mama yako.

"Na juu yake?"

Nikasukuma picha kwa kidole. Juu yake hapakuwa na mstari. Mti mkubwa wa akina shangazi ulikuwa upande mmoja umejaa matawi, na sisi tulikuwa pembeni, watu kumi na moja, tumening'inia hewani kama nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba.

"Hakuna," nikasema.

Susu akatazama treni ambayo haikuwepo. "Kwa hivyo mama alitoka wapi? Aliokotwa barabarani?"

Hapo nikaelewa nilichosafisha.

Babu ya susu alikuwa na wake wawili. Akina shangazi wanatoka kwa mke wa pili. Mke wa kwanza, yaani nyumba kubwa, hakupata mtoto, lakini alikuwa na mbuzi wengi na kichwa kigumu. Akawatuma wazee na mbuzi wake wakamposee msichana, akamleta bomani kama mke wa mwanawe. Mwana huyo hakuwahi kuzaliwa. Kwetu mke wa namna hiyo anaitwa iweto, na watoto wake ni wa ile nyumba kabisa, wala si watoto wa kuokota. Huyo iweto ndiye mama yake susu. (Niliwahi kuuliza ni nani hasa, yaani mwanamume. Susu aliniangalia mpaka nikaenda kuosha vyombo.)

Kwenye faili langu nilikuwa nimefanya alivyosema. Chini ya mke wa kwanza nikaweka sanduku la mwanawe, bila jina, bila tarehe, kwa sababu hana. Chini yake mkewe, kisha susu, kisha sisi wote. Na mimi, kwa mkono wangu, nikaja kulifuta kwa sababu mashine ilisema ni uchafu.

Susu hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba mama yake aliitwa mfanyakazi mpaka akazikwa, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa anangoja Desemba amwone amewekwa mahali pake, watu wakiona. Kisha akaomba chai.

Jumatatu nikarudi Satellite. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Shangazi alikuwa anachambua mboga sebuleni na alifurahi kuniona, jambo lililoharibu mpango wote.

"Anti, kuna mtu amekosekana."

"Ongea, mami, sikusikii."

"Kuna mtu amekosekana kwa mti."

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Halafu akasema, "Lakini hiyo sanduku ilikuwa tupu. Sasa imekuwa safi. Mama yake susu mweke tu kama mke wa tatu wa mzee. Nani atajua?"

"Itakuwa uongo, Anti."

"Nini?"

"Itakuwa uongo."

Mara ya pili sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Akaacha mboga. "Basi nieleze wewe. Pasta atakuwa amesimama hapo mbele ya bango. Ananiuliza huyu ni nani. Nimwambie huyu ni bwana ambaye hakuzaliwa lakini ana mke na watoto? Sisi tuliambiwa huyo mama alikuwa wa kusaidia kazi. Ndivyo babu yangu alisema."

Mimi jibu huja nikiwa nimeshafika nyumbani. Nikafanya kitu kimoja nilichoweza: nikampigia baba, nikamwomba ampe susu simu, nikaiweka kwenye spika juu ya meza katikati ya sukuma wiki.

Susu hakusalimia sana. "Mwanangu," akamwambia shangazi, "babu yako alikuwa kati ya wazee waliopeleka mbuzi kwa akina mama yangu. Alikula, akarudi na mguu mmoja wa mbuzi nyumbani kwenu. Muulize alikuwa amemposea nani. Mfanyakazi huposwa?"

Shangazi akasema babu yake amekufa zamani.

"Najua. Nilimlilia. Basi jiulize wewe."

Nyundo ya baba ikasikika upande wa pili wa simu. Shangazi akachukua jani, akalichana polepole. "Sawa, mama," akasema. Kisha kwangu: "Andika. Lakini hiyo programu ikikataa usiniite."

Haikukataa. Ilifanya vibaya zaidi. Nilikuwa nimehifadhi juu ya faili la kwanza, kwa hiyo ilibidi nichukue faili langu la zamani kwenye flashi na la shangazi kabla ya kuunganishwa, nianze upya. Mimi na susu ni mtu mmoja? Hapana. Baba na babu? Hapana. Mimi na susu? Stima ikapotea nikiwa katikati na sikulia, ingawa nilienda chooni kwa muda. Stima iliporudi nikaanza tena mwanzo. Onyo jekundu lilipokuja nikaweka mikono yote miwili chini ya mapaja, nikasoma kila neno, kisha nikatoa mkono mmoja na kubonyeza hapana.

Wiki iliyofuata nilikuwa karakana nikimshikia baba bati wakati simu yake ilipolia. Baba mikono yake ilikuwa na masizi, akaniashiria nipokee. Mimi sipokei simu za watu nisiowajua. Nikapokea.

"Niaje, ni watu wa bango? Mimi ni wa kuprinti, hapa Kawangware. Sikiza, kuna boksi moja hapa katikati iko tupu. Haina jina. Nimeona ni makosa, naitoa ndio mistari ikae poa."

"Usiitoe," nikasema.

"Sikupati, kuna kelele."

"Usiitoe. Ni mtu."

"Mtu gani na haina kitu ndani? Ukiacha hivyo watu watasema nimekosea mimi."

Susu alikuwa kwenye stuli yake, anachambua maharagwe, na vidole vyake vilikuwa vimesimama. Nikageukia reli ili nisione mtu yeyote, nikasema tena kwa sauti kubwa hata fundi wa karakana jirani akainua kichwa, na baba akaacha kugonga.

"Ni mtoto wa nyumba kubwa. Wacha sanduku lake hivyo hivyo."

"Haya, siste," yule jamaa akasema. "Si lazima unipigie kelele."