Sponji ya Kaptura

Anti yangu, mdogo wake mama, anauza mitumba katika soko la Kibuye. Beli, yaani robota la nguo, ikifunguliwa, zile nguo safi za kwanza ambazo sokoni wanaziita kamera, yeye huvuta moja au mbili na kuzikalia. Anazikalia kweli, juu ya kigoda chake, mpaka wale wanaonunua ili wakauze tena waondoke. Kwa hiyo mwalimu wa michezo alipotuandikia ubaoni vitu vya mashindano ya baiskeli, sikuwa na wasiwasi wa kupata nguo. Wasiwasi wangu ulikuwa kumweleza anti ninachotaka.

Mashindano yenyewe ni ya barabara za murram, udongo mwekundu wa kokoto. Yanaanzia Mamboleo, yanapanda Kajulu, yanateremka mpaka kwenye mashamba ya mpunga ya Kano, halafu yanazunguka kumalizia ufuoni mwa ziwa, Dunga. Karibu kilomita hamsini. Klabu ya shule ina baiskeli tano zenye tairi pana, na wanachama ni tisa. Mwalimu alichagua watano wa kukimbia, mimi nikiwemo, akasema atakayefika Dunga kabla ya saa tano atakaa na baiskeli mwaka mzima, aende nayo nyumbani na aje nayo shule. Atakayechelewa ataiacha apewe mwingine.

Mimi nilikuwa nimeizoea ile ya kijani. Niliitaka kwa sababu ambayo sijamwambia mtu. Nikitembea kwenda shule huwa niko na wasichana watatu wa mtaani kwetu. Ni wazuri, sina neno nao, lakini wanaongea, halafu wananyamaza wakingoja na mimi niongee. Juu ya baiskeli hakuna anayengoja niseme kitu.

Helmeti klabu ilikuwa nazo. Vilivyobaki kwenye orodha vilikuwa glavu, miwani ya vumbi, viatu, shati lisiloshika jasho, na kaptura ya kubana yenye sponji ndani. Hapo kwa kaptura mwalimu alisimama akaeleza, mbele ya darasa lote, bila haya yoyote.

"Murram si lami. Kila kokoto utaisikia kupitia kiti. Mkikosa vyote, msikose sponji."

Wavulana wa nyuma wakakohoa. Mimi nikaandika sponji kwenye daftari na kuipigia mstari.

Glavu zilikuwa rahisi. Nilichukua za kufanyia kazi ya shamba, nikakata vidole kwa makasi. Miwani niliazima kwa fundi wa kuchomelea mageti karibu na kwetu, ile nyeupe anayovaa akisaga chuma. Ina mikwaruzo upande wa kushoto, lakini vumbi haliingii. Kwa viatu nilikosea kwanza. Nilichagua raba nyeupe laini kwa sababu zilikuwa za kupendeza. Mwalimu alizishika kwa mkono mmoja, akazikunja kama chapati. "Soli ikikunjika hivi, nguvu yako yote inaishia hapa, haifiki kwa pedali," akasema. Akaangalia miguuni mwangu. "Kwani hivyo ulivyovaa vina ubaya gani?" Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya shule, vya ngozi, vilivyotiwa soli mpya juzi. Basi nikaendesha na viatu vya shule.

Kaptura ilitoka kwenye beli ya Jumapili. Nilikuwepo, maana Jumapili huwa namsaidia anti kukunja. Ilikuwa nyeusi yenye mstari mwekundu ubavuni, haijachakaa hata kidogo, na ndani ilishonewa sponji ya manjano nene kama mkate. Anti aliigeuza ndani nje, akaibonyeza.

"Hii ndiyo ya mambo yenu ya baiskeli?"

"Ndiyo, anti."

"Na huu mto ni wa nini?"

Mama anayeuza mikoba meza ya pili alisogea kuangalia. "Hiyo ni ya wagonjwa," akasema. "Wazungu wakizeeka wanavaa hivyo. Hawashiki mkojo."

"Wacha wewe."

"Nakuambia. Mimi nimeuza mitumba kabla wewe hujaolewa."

Wateja wawili wakacheka. Anti akanigeukia. "Nyathina, mwanangu, huu mto ni wa nini?"

Nilijua. Mwalimu alikuwa ameeleza vizuri, na mimi nilikuwa nimeandika. Lakini mbele ya meza palikuwa na watu kama sita, na ili kulijibu swali lile ilibidi nitaje mahali mtu anapokalia. Nikasema, "Sijui. Pengine ilikuja hivyo tu."

Anti akaiweka chini yake. Akasema ataifua, niifuate Jumamosi, kesho yake ndiyo mashindano.

Jumamosi mchana nikaenda kwake. Kaptura ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kitandani. Nilipoiinua nikahisi ni nyepesi. Nikaingiza mkono. Kitambaa kitupu.

"Nimekutolea ile takataka," anti akasema kutoka jikoni, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Nimekata uzi mmoja mmoja kwa wembe. Nguo haijaguswa. Angalia kama utaona hata tundu."

Sikuona tundu. Nilikwenda mpaka mlango wa jikoni. Yule mama wa mikoba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua mboga, na anti alikuwa anateremsha sufuria ya maharagwe. Alikuwa ameishika kwa sponji yangu, imekunjwa mara mbili. Kona moja ilikuwa tayari imeungua.

Nikasema, "Asante, anti." Nikaweka kaptura kwenye mfuko nikatoka.

Nilifika kwenye kona ya duka la unga, pale njia ya kwa anti inapokutana na barabara kubwa, nikasimama. Wiki mbili kabla tulikuwa tumefanya mazoezi ya kilomita ishirini, na mimi nikiwa na suruali ya kawaida ya michezo. Usiku ule nililala kifudifudi. Kesho zilikuwa hamsini. Nilipiga hesabu hivi: bila sponji nitasimama juu ya pedali njia nzima, nikisimama njia nzima nitachoka Kano, nikichoka Kano saa tano itanikuta mpungani na baiskeli itarudi stoo. Nikarudi kwa anti.

"Umesahau nini?" akaniuliza.

"Sponji."

"Hii? Unataka kupikia nini?"

"Si ya kupikia. Ni ya kukalia. Njia ni ya mawe, na kiti cha ile baiskeli ni chembamba kama mwiko. Bila sponji naumia huku." Nikajipiga huku kwa kiganja, wasije wakauliza wapi.

Yule mama wa mikoba akaacha mboga. "Kumbe si wazee?"

"Si wazee, mama."

Akacheka mpaka ndoo ikateleza. Anti hakucheka. Aliitazama sponji, akaitazama ile kona iliyoungua, kisha akanitazama.

"Jumapili nilikuuliza."

"Ndiyo."

"Ukasema hujui."

"Nilijua."

"Sasa?"

"Watu walikuwa wengi."

"Watu wa Kibuye ni wengi kila siku, wewe. Utangoja wapungue?"

Aliniambia nikae nichambue mboga, akaosha sponji kwa sabuni, akaianika juu ya bati la moto la jikoni, akaikata kona iliyoungua. Uzi wa kawaida haukuweza kuishika. Akatafuta ule uzi wa kushonea nyavu anaofungia marobota yake, kwa sababu haukatiki. Aliposhika sindano aliniuliza mbele ni wapi na nyuma ni wapi, nami nikamwonyesha, upande mpana nyuma, huku mama wa mikoba akiinamisha kichwa ili aone vizuri. Ilipoisha ilikuwa na mafundo kumi na manne magumu pembeni. Baadaye yalinipa sababu ya kuyahesabu.

Asubuhi ya mashindano nilivaa fulana ndefu juu ya kaptura, iliyofika karibu magotini. Kule Kajulu upepo ukaipandisha mpaka kifuani, nikawa naishika kwa mkono mmoja kwenye kona. Hiyo ni hatari, kwa hiyo kwenye kona ya tatu nikaiacha. Sponji ilifanya kazi yake. Mteremko ule wote wa mawe nilikaa kama niko kwenye kochi, ila mikono ndiyo ilikufa ganzi.

Shida ilianza Kano, kwenye tambarare, mahali ambapo unakaa tu na kukanyaga. Mafundo ya uzi wa nyavu yakaanza kunikata. Nilijaribu kukaa upande, nikajaribu kusimama. Nilipofika kwenye meza ya maji ilikuwa saa nne na robo, na nilikuwa nimeshapitwa na watu saba.

Pale mezani alikuwepo mzee mmoja mwenye koti la mvua, anagawa maji na ndizi. Alinipa chupa. Ningeweza kunywa nikaenda. Nilikumbuka ile kona ya duka la unga.

"Mzee, naomba mafuta ya kujipaka. Nyuzi za kaptura zinanikata."

Nilitegemea atajibu polepole. Badala yake akageuka, akaita kwa sauti ya kuvuka mto, "Mama! Kuna msichana hapa anakatwa na nyuzi za kaptura!"

Kila mtu alisikia. Waendeshaji waliokuwa wanakula ndizi walisikia, na wanawake waliokuwa wanapalilia mpunga waliinua vichwa. Mama mmoja wa huduma ya kwanza akanipeleka nyuma ya turubai, akanipa kopo la mafuta na wembe. Nikakata mafundo manne yaliyozidi, nikajipaka, nikatoka. Waliokuwa wanakula ndizi bado walikuwa wanakula ndizi. Mmoja wao, mwanamume mzima mwenye nguo za bei, akanifuata akaniuliza taratibu kama mafuta yamebaki.

Nilifika Dunga saa tano kasoro dakika nane. Mwalimu aliandika kwenye karatasi yake na kusema, "Haya," na hiyo ndiyo hotuba yote. Katika wale watano tuliwahi watatu. Baiskeli ya kijani sasa inalala sebuleni kwetu, imeegemea kochi, na mama analalamika juu ya matope.

Jumapili iliyofuata nilikuwa Kibuye nikikunja. Kwenye beli ikatokea kaptura nyingine, ya kijivu, yenye sponji nene kushinda ile yangu. Anti akaibonyeza, akainusa, akaniinulia juu ya vichwa vya wateja.

"Nyathina! Hii ni ya kukalia au ya sufuria?"

Wateja wakageuka kunitazama. Nikamwambia ni ya sufuria, mimi yangu imeshanizoea.