Bi Fatimah Aifukiza Nyumba ya Columbia Heights

Hebu mwone Bi Fatimah akifika, ndugu yangu: bibi wa Mombasa, koti zito juu ya buibui, mkono mmoja begani kwa mwanawe Aidarus, mwingine umekumbatia chetezo cha kufukizia udi. Wameshuka basi Columbia Heights, huko ughaibuni, mwaka 2014, theluji ndiyo kwanza inayeyuka.

Alikuwa akiishi ghorofani juu kabisa, mtaa wa Cedar-Riverside. Magoti yamekwisha, lifti haiishi kuharibika. Msimu mzima wa baridi mguu wake haukugusa ardhi. Aidarus, anayesafisha vyumba hotelini Bloomington, alipata kwa simu nyumba ya chini, ina mlango wa kutokea uani. "Njoo leo uione, iko tupu," aliambiwa.

Mama akagoma kubaki. Kwao nyumba mpya hufukizwa udi kwanza.

Meneja, Mzungu wa makamo, alifungua mlango, akawatazama, tabasamu likamkauka. Bi Fatimah, asiyejua Kiingereza, alimpa salamu akapita moja kwa moja hadi jikoni.

"Samahani," meneja akamwambia Aidarus pale mlangoni, "imechukuliwa sasa hivi. Lakini tuna jengo jingine kule relini. Ghorofa ya tatu, ngazi tu. Watu wenu wengi wako kule, mtajisikia nyumbani."

Ndani, udi ulishaanza kufuka. Bibi alizunguka pembe zote, kisha akainua mikono.

"Na huyu Mzungu, Mola amzidishie! Enzi za mkoloni mitaa yao twaingia kufua nguo tu, jioni tutoke. Leo atufungulia mlango mwenyewe. Asemaje, mwanangu?"

"Asema udi wanukia, mama."

"Si nilikwambia! Nawe wanikataza."

Kituoni, Aidarus akasogea kando, akampigia Alice, Mzungu anayefanya naye kazi, amwombe aulizie nyumba ile ile. Basi halijafika, Alice akampigia.

"Wanasema iko tupu, niende kesho. Aidarus, pole sana."

Ndani ya basi mama alikuwa na furaha ambayo mwanawe hakuwa ameiona tangu wafike nchi hii.

"Kiti changu takiweka pale mlango wa uani, nipate jua la miguu. Twahamia Jumamosi, au lini?"

Wewe, ndugu yangu, ungemjibu nini?