Blanketi Ndani ya Mkoba wa Kamera

Niliondoka Blaine, mji mdogo wa Minnesota, Jumamosi moja asubuhi, wakati wa kiangazi, nikiwa na kamera, mkoba na uongo mmoja mdogo. Uongo huo nilikuwa nimemwambia binamu yangu. Mkewe alikuwa anafika jioni ile kutoka nyumbani, baada ya kusubiri viza mpaka mapenzi yao yakawa ya simu tu, na nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na sebule. Sebule ilikuwa imejaa mimi.

Binamu hakuniambia niondoke. Kwetu Tanga mgeni haambiwi hivyo. Alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi, akaniuliza kama nadhani mkewe atayapenda mapazia yale. Nikaelewa. Nikamwambia asijali, mimi nina pa kwenda.

"Pazuri?" akauliza.

"Pazuri mno."

"Basi Mungu akujalie, ndugu yangu."

Alijua kuwa sina. Nami nilijua kuwa anajua. Tukaagana kwa adabu zote, akanishusha katikati ya Saint Paul akiwa njiani kwenda kazini, akapiga honi, akaondoka kwa kasi ya mtu anayeogopa kuitwa.

Nikabaki kando ya barabara nikijiuliza niende kulia au kushoto. Hali hiyo haikuwa ngeni kwangu. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alitaka nitazame ubao na mimi nilitaka kutazama nje ya dirisha, na tangu hapo nimekuwa nikitazama nje ya dirisha kama kazi. Minnesota nilikuwa nimeosha vyombo, nimepanga maboksi, nimesukuma theluji. Kamera niliinunua kwa mzee mmoja aliyeanika vitu vyake vya zamani mbele ya gereji yake, na kuanzia siku ile kila filamu niliyoweza kununua iliishia kwenye masoko, maandamano na sahani za watu. Picha nilimtumia mama. Alijibu mara moja tu: anashukuru, kabichi za Amerika ni nzuri, lakini je, mwanawe yuko wapi katika picha hizi?

Kulia kulikuwa na harufu ya vitunguu vibichi. Nikaenda kulia.

Soko la wakulima la Saint Paul siku ya Jumamosi lina Wazungu wanaouza asali na waridi, na lina Wahmong, watu wa milima ya Laos, wanaouza kila kitu ambacho Mzungu hajui kukipika. Nilipita nikipiga picha: mizani, vidole vyenye udongo, mtoto aliyelala ndani ya kreti kati ya mafungu ya giligilani. Halafu kwenye meza ya bibi mmoja wa Kihmong, mwenye kofia pana na uso usiotaka mchezo, nikaona kitu kilichonifanya niseme kwa sauti, "Jamani! Majani ya maboga!"

"Ya malenge," sauti ikanisahihisha nyuma yangu. "Na yananunuliwa, hayapigwi picha."

Nikageuka. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mkenya bila shaka, amevaa sare ya buluu ya wale wanaotunza wazee katika nyumba za kulelea, macho mekundu ya mtu aliyetoka zamu ya usiku. Nikamwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Ati shikamoo! Kwani nakaa mzee?" Akacheka mpaka yule bibi muuza mboga akatabasamu bila kujua anatabasamia nini. "Wewe ni wa Tanzania. Mkenya angeniuliza bei."

Akachagua majani kwa ukali, akirudisha yaliyokomaa na kuchukua machanga, na bibi wa Kihmong akawa anamrudishia yale yale yaliyokomaa. Hawakuwa na lugha moja, lakini walikuwa na ugomvi mmoja na waliuelewa vizuri wote wawili. Nikapiga picha mikono minne ikivutana juu ya fungu moja. Ni picha ninayoipenda mpaka leo.

"Sasa wewe unaenda wapi?" mama akaniuliza baada ya kushinda.

"Ah, natembeatembea tu."

"Basi tembea mpaka kwa gari langu. Beba hizi."

Njiani akanieleza shida yake. Mama yake nyumbani alikuwa amemwona katika picha ya Krismasi akaamua kwamba binti yake anakufa njaa. Sasa kila akipiga simu ni kilio. Hakuna maelezo yaliyosaidia. Mama mtu alitaka kuona sahani, na ndani ya sahani alitaka kuona chakula cha kweli, na nyuma ya sahani alitaka kuona mashavu.

"Utakuja utupige picha tukikula. Mimi nitakula, wewe utapiga. Nikikurudisha jioni ni sawa? Unakaa wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kabisa. Mtu mwenye akili angesema, mama, tangu asubuhi sina pa kukaa. Mimi nikasema, "Blaine. Kwa binamu yangu. Pazuri sana."

"Sawa. Bwanangu ata-drive akurudishe."

Sijui Wakenya wanafundishwa wapi kuamini neno wanaloambiwa. Kwetu jibu la kwanza ni la kupasha moto koo tu. Mwenye nyumba mzuri huuliza tena, na tena, mpaka ukweli uone aibu utoke. Ndani ya gari akaniuliza, "Umekula?" Nikasema, "Nimeshiba, mama, asante." Akasema sawa, akatoa mandazi kwenye karatasi, akayala yote peke yake hadi tunavuka mto Mississippi, huku tumbo langu likinguruma na yeye akiongeza sauti ya redio.

Hatukufika mbali. Karibu na kwao barabara ilikuwa imefungwa kwa maandamano ya mtaa, yale ya kiangazi ambayo kila kitongoji cha kule kinayo. Mama alisonya. Mimi nilishaanza kubadilisha filamu.

"Shuka basi," akasema. "Wacha nitafute pa ku-park."

Nikashuka. Kando ya barabara viti vya kukunja vilikuwa vimepangwa kwa mstari mrefu, vingi, na vingi kati ya hivyo havina watu. Nikasema moyoni, hawa ndio watu. Manispaa imewawekea wananchi viti. Nikachagua kimoja chenye kivuli, chenye hata tundu la kuwekea kikombe, nikakaa.

Hakuna aliyenieleza kwamba watu wa kule hutoa viti vyao tangu usiku wa kuamkia maandamano, wakaviacha barabarani, wakaenda kulala. Na asubuhi wanavikuta! Kwetu kiti kikilala nje kinaamkia kwa jirani. Ningejuaje?

Bibi mmoja wa Kizungu akaja akasimama nyuma yangu. Alikuwa na mkongojo na mguu uliofungwa bandeji. Nikainuka nusu. "Karibu, bibi, keti."

"La, la, kaa tu," akasema akitabasamu. "Hakuna shida kabisa. Mimi napenda kusimama."

"Nitasimama mimi."

"Usisumbuke. Kiti ni kizuri, sivyo?"

"Kizuri sana."

"Nafurahi umekipenda."

Nikakaa. Bendi ya shule ikapita, tarumbeta zikipishana kidogo na wimbo. Trekta lililofungwa maua likapita. Wazee wenye kofia za vishada wakapita ndani ya vigari vidogo mno, magoti yakiwa masikioni, wakizunguka duara katikati ya barabara kwa uso wa mtu anayefanya kazi ya serikali. Nikapiga picha, na kila nilipogeuka yule bibi alikuwa palepale, ameegemea mkongojo, akitabasamu kwa uchungu. Nikamkaribisha tena. Akakataa tena. Nilimsifu moyoni: mwanamke huyu kweli anapenda kusimama.

Mama akatokea akihema. Alitazama kiti, akamtazama bibi, akanitazama mimi.

"Wewe! Hicho kiti ni cha huyu mzee!"

"Amesema hakuna shida."

"Anasema hivyo kwa sababu ana shida! Toka!"

Bibi akawa mwekundu, akasema jamani hakuna shida hata kidogo, na akawa ameshakaa kabla mimi sijamaliza kuinuka. Alishusha pumzi ndefu. Halafu akanipa biskuti, kwa aibu. Nikaipokea kwa aibu. Tulielewana vizuri sana, mimi na yeye. Kama tungeachwa wawili mpaka jua lizame, nadhani tungekuwa bado tunakaribishana.

Sasa tulihitaji pa kukaa. Nikafungua mkoba, nikasogeza filamu na mswaki, nikatoa blanketi langu la kijivu, nikalitandika kwenye nyasi.

Mama alilitazama. "Blanketi?"

"La kukalia."

"Kwa soko?"

"Mtu huwezi kujua."

"Mhm," akasema, akakaa.

Kutoka juu ya gari la zimamoto watu wakaanza kutupa peremende. Ya kwanza ilinipiga pajini, na nikadhani nimekosea jambo jingine. Mama alikuwa ameshazijaza katika mifuko ya sare yake, akiwapita watoto wa watu kwa viwiko.

Kwao, katika kitongoji cha New Hope, walikaa ghorofani, katika nyumba za kupanga zenye veranda ndogo zinazotazamana. Mumewe alikuwa shemasi wa kanisa lao, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya mapumziko. Watoto wao wawili niliwasalimia kwa Kiswahili wakanijibu kwa Kiingereza, na tukaendelea hivyo siku nzima bila kupoteana.

Mama alilala kidogo, akaamka, akanikabidhi majani niyatoe nyuzi. Nikayatoa vizuri, hilo nililijua tangu utotoni. Akayapika kwa krimu, akasonga ugali, kukawa na kuku wa mchuzi. Mimi nikavuta meza dirishani kufuata mwanga. Nikapanda kiti. Nikashuka. Nikahamisha ugali, nikahamisha mama, nikamwomba shemasi ainamishe kidevu.

"Mtanzania," mama akasema, "huu ugali ukipoa nitakupiga nao."

"Mashavu, mama. Nayatafuta mashavu."

"Nipe nile na yatatokea!"

Shemasi akasema tuombe. Wakafumba macho. Nikaona kupitia kamera picha ambayo sijawahi kuiona tena: mvuke, vichwa vinne vimeinama, mwanga wa jioni umelalia mezani. Sikutaka kupiga. Nilikuwa nimelelewa vizuri. Lakini shemasi aliomba kwa ajili ya wagonjwa, na wasafiri, na viongozi wa nchi zote tatu, na mwisho akasema, "Na huyu kijana wetu, Baba, umrudishe salama Blaine."

Kidole kikashtuka chenyewe. Flashi ikamulika chumba kizima.

"Amina!" shemasi akapiga kelele.

Watoto wakadaka vijiko kwa furaha ambayo haikuhitaji tafsiri. Mimi nilitaka sakafu inimeze. Shemasi alipepesa macho kwa muda, kisha akasema taratibu, "Miaka yote hii ninaomba. Leo ndiyo mara ya kwanza kujibiwa kwa radi."

Nilikula kama mtu aliyesema ameshiba tangu asubuhi. Mama alihesabu kwa macho kila tonge.

Tulipomaliza, nje jua la kiangazi lilikuwa bado halijakata tamaa. Shemasi akachukua funguo. "Haya, kijana. Twende Blaine kabla sijasinzia."

Nikaona akilini mapazia ya binamu, nikamwona mkewe akishusha masanduku.

"Mzee, usijisumbue. Nitapanda basi."

"Basi la Blaine? Saa hizi?"

"Basi nitashuka popote karibu."

"Karibu na wapi? Blaine bila gari utakanyaga nyasi mpaka kesho."

"Hewa ni nzuri. Tena, mzee, watu wa kule hulala mapema, sitapenda kuwaamsha, na pengine hata mlango..."

"Si una ufunguo?"

"Ufunguo ni suala jingine, mzee."

Shemasi akamtazama mkewe, amepotea kabisa. Mama alikuwa kwenye sinki, mgongo umetugeukia, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mpe kiti," akamwambia mumewe. "Amezunguka tangu asubuhi, atachoka." Akageuka, mikono ina povu. "Nimeona blanketi, nimeona mswaki. Hakuna mtu anaenda kununua mboga na mswaki. Nimekungojea useme. Kwa gari nikangojea. Kwa parade nikangojea. Nikakula mandazi yote nikingojea!"

"Mama, nilikuwa naona kwamba, kama haitakuwa usumbufu kwenu, na kwa kuwa..."

"Fupisha."

"Naomba tu kwa usiku mmoja, kama nafasi..."

"Fupisha, Mtanzania. Huyu bwanangu anasinzia."

Nilitazama sakafu. Watoto waliacha kutazama televisheni. Nilikuwa nimeosha vyombo vya hoteli nzima, nimesukuma theluji ya mtaa mzima, na sikuwahi kubeba kitu kizito kama kile.

"Sina pa kulala," nikasema.

"Ona sasa. Imekuua?"

Akafuta mikono, akaenda chumbani, akarudi na mto wenye maua, akaurusha kwenye kochi. Shemasi akarudisha funguo msumarini kwa furaha ya wazi. Kochi lilikuwa fupi kuliko mimi, na springi moja ilikuwa na maoni yake, lakini nililitandika blanketi langu juu yake nikaona limeenea.

Kabla hatujalala shemasi alituita tuombe tena. Safari hii alifumba jicho moja tu. Lingine lilinitazama mimi, mpaka nilipouweka mkoba wa kamera chini ya kochi na kukunja mikono yote miwili mahali anapoweza kuiona.